Mtu wa tezini

Kwenye kuta za hoteli za Malindi kuna picha nyingi za samaki wakubwa. Utamwona samaki, utamwona mgeni ameng'aa meno kashika rodi, utaona na bahari nyuma yao. Sasa tazama ukingoni. Mara nyingi kuna mkono uliovaa glavu, umekamata mdomo wa yule samaki asifurukute, na mwenye mkono amekatwa begani na fremu. Huyo ndiye mtu wa tezini, yaani wa nyuma ya boti, na kazi hiyo ndiyo inayonilisha.

Mpwa wangu aliniuliza majuzi mbele ya wenzake, "Mjomba, kwani huko kwenye boti wewe hufanya nini hasa?" Nikamwambia nashika waya. Wakadhani mimi ni fundi wa stima. Basi nimeona niandike, maana msimu unakaribia na maswali kila mwaka ni yale yale.

Mwaka wetu sisi hauanzi Januari. Unaanza kusi, ule upepo wa kusini, ikishakatika. Kuanzia Mei mpaka Julai boti nyingi huwa zimepandishwa juu, zinakwanguliwa, zinapigwa rangi, injini zimefunguliwa vipande vipande. Bahari ya kusi haina adabu, na mtu aliyelipa pesa zake hataki kushinda kutwa ameinama ubavuni anatapika. Ikifika demani tunaanza kuchungulia nje. Nduaro, yule mwenye tanga mgongoni, hujaa huku kwetu na Watamu kuanzia Oktoba na Novemba, na mpaka Januari ndiyo sikukuu yake. Marlini, yule mkubwa mwenye mdomo kama mkuki, twamngoja kaskazi ikae sawa: Disemba, Januari, Februari, hadi Machi. Masika yakiingia, kila mtu anarudi kwenye brashi na rangi.

Wageni huuliza kwa nini samaki wanakuja wakati huo na si mwingine. Jawabu liko kwenye maji. Kaskazi ikivuma, mkondo wa Somalia hugeuka ukateremka kusini, na huku chini mkondo wetu wa pwani unapanda kaskazini kama kawaida yake. Inakutana huku kwetu, sehemu za kati ya Malindi na Lamu na juu zaidi, kisha maji yote yanasukumana kwenda nje, mashariki. Huko nje sakafu ya bahari inapanda kutoka kilindini ikafanya kama uwanda mrefu chini ya maji, sisi twaiita Benki tu. Maji yakigongana na Benki, ya chini yanapanda juu na chakula chake. Dagaa wanafuata chakula, sehewa na jodari wanafuata dagaa, na marlini anafuata sehewa. Sisi tuko mwisho wa foleni, na mafuta yetu ya dizeli.

Karibu zaidi kuna Sabaki. Mto huu unaanzia huko juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukishuka unaitwa Galana, na ukitufikia sisi ni Sabaki, umebeba udongo wa nusu ya nchi. Mvua ikinyesha bara, siku chache baadaye bahari ya Malindi inageuka rangi ya chai ya maziwa. Mgeni wa hoteli akiamka akaona hivyo, anasikitika, anauliza kama pesa zake zitarudishwa. Nahodha wangu anafurahi. Anajua kwamba huko nje, mahali fulani, udongo unakoma na maji ya buluu yanaanza, na pale mpakani pamechorwa mstari kama uliopigwa kwa rula. Takataka zinaelea hapo, magogo, majani, povu, na chini yake vidagaa vimejificha. Membe, wale ndege wa baharini, wanapiga mbizi. Nduaro wanazunguka kikundi kizima, wamefungua matanga, wanawasonga dagaa wawe donge moja kisha wanaingia kwa zamu. Nimeona watu wazima, wenye kampuni zao huko Ulaya, wamenyamaza kimya mbele ya jambo hilo wakasahau hata kupiga picha.

Kazi yangu inaanza kabla mgeni hajaamka. Chuchunge, samaki wadogo wembamba wa chambo, nawanunua jioni kwa wavuvi pale Shela, na wawe wa siku ile, macho yanang'aa. Nawalaza kwenye barafu na chumvi usiku kucha. Alfajiri, kabla ya saa kumi na moja, ninakaa tezini na taa ya kichwani. Namkamua tumbo mpaka uchafu utoke. Namkunja mgongo huku na huku, taratibu, mpaka uti ulegee, ndipo nyuma ya boti ataogelea kama mzima; chuchunge aliyekakamaa hudunda juu ya maji kama kipande cha ubao na hakuna samaki mwenye akili atakayemtaka. Kisha ndoana, kisha uzi mwembamba wa shaba wa kufunga mdomo. Mdomo ukiachwa wazi, maji yanaingia, tumbo linapasuka, na baada ya robo saa unavuta kichwa na mifupa. Nafunga wa kutosha mpaka adhuhuri. Mgeni akipanda na kikombe chake cha kahawa, anawakuta wamepangwa kwenye sanduku la barafu wote wanatazama upande mmoja, anasema wamependeza. Ni kweli, wamependeza.

Kutoka tunapita mlango wa mwamba, tunaiacha hifadhi upande wake. Hifadhi ya Bahari ya Malindi ilitengwa 1968, humo ndani hakuna kutupa mshipi, na hilo halina mjadala. Tukielekea kaskazini, kukipambazuka vizuri, tunaona yale majukwaa ya Waitaliano pale Ngomeni yamesimama baharini kwa miguu yake ya chuma. Hapo ndipo iliporushwa setilaiti tarehe 12 Disemba 1970, ikaitwa Uhuru kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu yetu. Huwa nawaonyesha wageni, na hawaamini mpaka watafute kwenye simu. Ni raha ndogo ya kazi hii.

Tukifika, boti inapunguza mwendo mpaka nodi 6, 7, 8, kutegemea tunavuta chambo gani. Fito mbili ndefu za pembeni zinateremshwa kutandaza mishipi isigusane. Kuna chuchunge wangu, kuna ngisi wa plastiki wa rangi rangi, na kuna vile visivyo na ndoana kabisa, kazi yake ni kupiga kelele majini na kumwita mkubwa aje atazame. Kisha tunangoja. Kungoja ni sehemu kubwa ya siku, wala sitaipamba. Jua, moshi wa dizeli, redio ya boti nyingine ikisema hakuna kitu.

Halafu kivuli. Nahodha huwa wa kwanza kukiona kwa kuwa amekaa juu. "Kushoto! Kushoto, mrefu!" Marlini akiwa na hamu ya kula huwaka. Sijui nikuelezeje mtu ambaye hajaona: mwili mweusi unatoa buluu, ile buluu ya mwako wa gesi, na kwa marlini wa mistari ile mistari yake inajitokeza mmoja mmoja. Anakuja nyuma ya chambo, mdomo nje ya maji, anapiga kushoto, anapiga kulia. Rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi kwenye rodi, inalia. Ikilia, kila mtu kwenye boti ana kazi yake, na kazi ya kwanza ya mtu wa tezini ni kukusanya mishipi mingine yote haraka kabla haijasokotana, huku mgeni akiuliza kwa sauti ya mtoto afanye nini.

Sasa sheria. Shirika la kimataifa la wavuvi wa mchezo, IGFA, liliundwa 1939 na ndilo linaloweka kanuni na rekodi za dunia. Kanuni ni kwamba tangu samaki anapokamata, asiguse mtu mwingine rodi, wala rili, wala mshipi. Ukigusa hata kwa kidole, samaki wa rekodi hana rekodi tena. Mgeni apigane peke yake, akiwa kitini au amesimama na mkanda kiunoni, iwe nusu saa, iwe masaa manne. Sisi twampa maji ya kunywa, twamgeuzia kiti, nahodha anarudisha boti nyuma, anaizungusha, nusu ya vita anaipigana yeye kwa usukani. Lakini mshipi ni wa mgeni.

Mpaka kipande cha mwisho. Mwisho wa mshipi, kabla ya ndoana, kuna nailoni nene, na kwa mishipi hii mikubwa kanuni hairuhusu izidi futi 30. Twaiita waya kwa mazoea ya zamani. Hiyo tu ndiyo mtu wa tezini ameruhusiwa kuishika. Na samaki wa kuachiwa huhesabiwa amevuliwa pale mkono wangu unapogusa waya. Mgeni amevuja jasho masaa mawili, amelia, ametukana kwa Kijerumani, lakini kinachofanya samaki yule awe wake ni vidole vyangu. Ikiwa umeelewa hapo, umeelewa kazi yangu yote.

Niieleze vizuri maana vijana wanaona ni kuvuta tu. Waya inatoka majini mbele yako. Unanyoosha mkono mbali kadiri unavyoweza, kiganja kikitazama chini, unauzungusha mkono mara moja ndani ya waya, na ukiwa umezoea, mara mbili. Asitokee mtu akakwambia uzungushe tatu. Mzunguko uende upande ambao ukifungua vidole, waya inateleza yenyewe ikaenda zake. Ukikosea upande, ukifungua vidole inazidi kukaza, na huko upande wa pili kuna kilo 150 zimeamua kwenda chini. Watu wamevutwa majini namna hiyo, sehemu nyingi za dunia, na wengine hawakuonekana tena. Unavuta kwa mguu na mgongo, magoti yameegemea ubao wa nyuma, mkono mmoja unavuta na mwingine unakwenda kuchukua. Waya uliyokwisha kuivuta unaitupa nje, baharini, usiiache ikajikunja miguuni. Hii ya miguuni nairudia kila msimu kwa kila kijana, na kila msimu yupo anayesimama katikati ya duara la nailoni akitazama samaki.

Na unamsikiliza. Glavu ni za ngozi nene lakini mkono unasikia. Samaki akiwa amechoka, waya inakuja nzito na tulivu. Akiwa anajiandaa kuruka, inalegea ghafla. Kijana mgeni wa kazi akisikia imelegea anafurahi, anavuta haraka. Mzoefu anafungua mkono. Sekunde moja baadaye marlini yuko hewani, anatikisa kichwa, mdomo wake unapita pale kilipokuwa kichwa cha yule aliyefurahi. Kufungua mkono ndiyo elimu yenyewe. Kuvuta hata punda anajua.

Akishafika ubavuni, boti haisimami. Inakwenda mbele polepole ili maji yapite kwenye mashavu yake apate pumzi. Unamshika mdomo kwa mikono miwili, gumba zikitazamana, ili akija juu umsukume kando badala ya kukuchoma kifuani. Ule mdomo unakwaruza kama msasa, ndiyo maana glavu hazikai msimu mzima. Mwenzangu anachukua kijiti cha tagi. Tagi ni kitu kidogo cha plastiki chenye namba, kinachomekwa kwenye nyama ya bega, karibu na mzizi wa pezi la mgongo, juu, mbali na mashavu na tumbo. Tunaandika kadi: aina, mahali, tarehe, urefu, uzito wa kukisia. Hapo kwenye kukisia ndipo ugomvi unapozuka. Mgeni anaona kilo 200. Nahodha anaona 130. Mimi huulizwa mwisho, na nimejifunza kutaja namba ya nahodha. Kadi zinakwenda kwa African Billfish Foundation pale Watamu, wanaoweka hesabu za samaki hawa, na siku akivuliwa tena mahali pengine na mtu mwaminifu, itajulikana alikotoka.

Ndoana nyingi siku hizi za chambo halisi ni zile za duara. Hizi ni nadra kumezwa zikafika tumboni, aghalabu zinajigeuza zikakamata pembeni mwa taya, na kuitoa ni kazi ya mpindo mmoja wa mkono. Naziunga mkono kabisa. Niliwahi kushuhudia za zamani zikitoa matumbo nje, na huyo hata ukimwachia hajaachiwa.

Na unamtambua ni nani uliyemshika. Marlini mweusi mapezi yake ya kifuani yamekakamaa, huwezi kuyakunja yakalala ubavuni. Wa buluu yanakunjika. Wa mistari pezi lake la mgongoni ni refu karibu sawa na kimo cha mwili. Wale majitu wote ni wa kike. Dume la marlini mweusi au wa buluu halifiki ukubwa huo hata liishi vipi. Nikiwaambia wageni wanaume kwamba jitu waliloshindana nalo asubuhi nzima ni mama, wapo wanaocheka na wapo wanaonyamaza.

Kasi? Swali hilo haliishi. Vitabu vya zamani vinasema nduaro hukimbia kilomita 110 kwa saa, na kila mgeni anakuja na namba hiyo mfukoni. Waliompima siku hizi kwa vyombo wamepata mbio zake kali ziko kwenye 30 na kitu hivi. Kwa aliye mwisho wa mshipi, nakuhakikishia, inatosha.

Shangazi yangu ni mama karanga, anakaanga samaki jioni pale mtaani kwetu, na hajawahi kunisamehe suala la kuachia. Nilipomweleza mara ya kwanza aliweka mwiko chini.

"Ati mwamvua?"

"Ndiyo, shangazi."

"Masaa mawili?"

"Wakati mwingine matatu."

"Mwamleta mpaka ubavuni, mwamtia hirizi begani, kisha mwamwambia nenda na salama?"

"Ni tagi, shangazi, si hirizi."

"Imeandikwa?"

"Imeandikwa namba."

"Basi ni hirizi. Na mimi nikaange nini, hiyo namba?"

Nilimpa hesabu tunayopewa sisi: samaki aliye hai analeta mgeni, mgeni analipa boti, boti inanilipa mimi, mimi nampa yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuza vipande vyake, akasema hesabu ni nzuri ila yeye ameona watu wa boti wakilipwa na hajaona mtaa ukila. Sikuwa na la kujibu, na mpaka leo nikipita pale nampa salamu kwa uangalifu. "Shikamoo shangazi." "Marahaba. Leo umemwachia nani?"

Mimi naamini kuachia. Nimeshika waya vya kutosha kujua kwamba samaki hawa hawaji kama walivyokuwa wakija, na wazee wa kwenye mashua watakwambia hivyo hivyo bila kuulizwa. Tume ya jodari ya Bahari ya Hindi, IOTC, iliyo na makao yake Shelisheli, imekwisha sema marlini wa mistari amevuliwa kupita kiasi. Lakini wapo wageni, na huwa nakunja uso hapa, wanaoona mashua ya Mbajuni inaingia na nduaro mmoja amelazwa juu ya mbao, nao wanatikisa kichwa. Mmoja aliniambia, "Wanawaua." Nikamwambia ndiyo, wanamla. Yule mzee alitoka jana yake jioni, kavua kwa mshipi wa mkono, hana kiti wala breki ya rili, na vidole vyake vina makovu. Samaki yule atakatwa vipande, atagawanywa, kichwa kitachemshwa, na kwa shangazi yangu hakutabaki hata mwiba. Wengi wa samaki hawa katika Bahari ya Hindi wanamalizwa na nyavu za kuelea zenye urefu wa kilomita na kilomita, na mishipi mirefu ya meli zenye maelfu ya ndoana. Nyavu hazichagui na meli hazina habari na tagi yako. Ukitaka kutikisa kichwa, tikisa kuelekea huko.

Na wetu wakifa, maana wapo wanaokufa mkononi hata ufanye nini, tunawaleta. Hapo boti nzima inapata kitoweo. Nduaro wa kukaanga, nyama ile nyekundu iliyolala kwenye ndimu, pilipili na kitunguu thomu, ukala na ugali au mkate wa kumimina, hakuna kitu cha kumlinganisha. Wageni tuliowahi kuwapa wamekula kimya kama wanaotenda dhambi. Wakaongeza.

Msimu uliopita alikuja mtu wa Cairns, Australia, mzee aliyewahi kufanya kazi kama yangu. Nilimjua kabla hajasema, kwa namna alivyokuwa akitazama miguu yangu badala ya samaki. Alinihadithia kwao: kuanzia Septemba mpaka Disemba marlini weusi wa kike wanakusanyika ukingo wa nje wa ule mwamba mkubwa wa Great Barrier Reef, kaskazini ya Cairns, kuja kutaga. Huko ndiko kwenye majitu. Mwaka 1966 alivuliwa huko wa paundi 1,064, yaani kama kilo 483, na baada ya hapo dunia nzima ya wenye pesa ikahamia Cairns. Chambo chao ni samaki mzima ambaye sisi tungemwita chakula cha mchana cha familia, na mishipi yao ni ile yenye nguvu ya kilo 60. Nikamuuliza basi amefuata nini Malindi. Akasema kwao unamngoja mmoja, kwetu hujui nani atakuja. Ni kweli. Siku moja ya bahati huku unaweza kushika nduaro asubuhi, wa mistari saa nne, mweusi karibu na jodari mchana, na ukilala Benki usiku ukateremsha ngisi na taa kilindini, samaki upanga. Sijui pwani nyingi zenye wageni wa namna hiyo.

Tulizungumza kuhusu rekodi. Rekodi ya marlini mweusi iko pale pale tangu tarehe 4 Agosti 1953, Cabo Blanco, Peru, kilo 707, jina Alfred Glassell. Orodha inataja mvuvi, mahali, tarehe, uzito. Mzee wa Cairns alichora safu nyingine hewani kwa kidole, kulia kabisa, akaniambia hii hapa ingekuwa yetu. Halafu akacheka, akaomba nimwonyeshe namna ninavyofunga mdomo wa chuchunge, kwa kuwa yeye hutumia nta na uzi, tukashinda saa nzima tukibishana kwa mikono kuliko kwa maneno. Wageni wengine, wakifika makamo, lazima wamtaje Hemingway, yule mwandishi wa Marekani, aliyepita kuvua hapa 1934. Sijapata kusikia hata mmoja akiuliza nani alikuwa akimfungia chambo.

Kuhusu vijana wanaonitumia ujumbe wakitaka kazi. Mwaka huu nahodha anatafuta mmoja, na nitawaambia ninyi kabla sijawaambia wa nje. Uwe unajua kuogelea, si kujisifu, kuogelea. Ujue kusoma upepo na maji bila simu. Bamvua na maji mafu, yaani maji yanapojaa sana na yanapojaa kidogo, nitakuuliza siku ya kwanza. Kiingereza au Kitaliano kidogo kitakusaidia kwenye tipu, lakini sikuajiri kwa mdomo. Ukitaka baadaye kushika usukani kuna mtihani na cheti cha mamlaka ya bahari, KMA, anza kuuliza mapema. Msimu mzima wa kwanza hutagusa waya. Utafunga chuchunge, utaosha deki, utakusanya mishipi, utatazama miguu yako. Kama unatapika, tapika upande ambao upepo unatoka kwako.

Njoo jetini alfajiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Kisu uje nacho. Glavu nunua mwenyewe, zangu siazimishi.